Nguvu ipo, maneno hayapo

Tangu Jumapili kuna maneno yamenikaa kichwani, na wala sikuambiwa mimi. Mzee wa Voi alimwambia Kassim wa Mombasa, mgeni kwenye redio ya ridhaa, yaani redio za watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, kwenye bendi ya mita 40, kila mtu akisikia. Leo siwezi kuandika kingine kabla ya hili.

“Mzee, shikamoo. Naomba ripoti.”

“Marahaba, mwanangu. Tatu saba.”

Kimya.

“Mzee, wenzako wote asubuhi hii wamenipa tano tisa.”

“Wamekupa adabu. Mimi nimekusikiliza. Nguvu ipo, maneno hayapo. Una nafasi?”

“Ninayo.”

“Basi kalete mita ya volti.”

Ni hayo tu. Kilichonichoma ni ule ukimya wa katikati. Mnajua Kassim alivyoingoja ile leseni, na alivyozunguka Kisauni nzima akiomba ruhusa ya kufunga waya wa antena kwenye minazi ya watu. Wiki za kwanza hewani mtu hutaka kusikia kwamba amefika. Na hapo watu watano au sita walikuwa wameshampokea kwa tano tisa, kila mmoja kwa furaha ya kweli.

Ila tano tisa ni ripoti ya jinsi unavyosikika, na ina maana yake. Tarakimu ya kwanza ni kueleweka, 1 hadi 5. Ya pili ni nguvu, 1 hadi 9. Mpango huo aliubuni Mmarekani Arthur Braaten mwaka 1934, na una tarakimu ya tatu ya usafi wa mlio kwa wanaotuma Morse, ile ya nukta na mistari. Anayekupa tano tisa anasema: napata kila neno bila taabu, na sindano ya redio yangu imefika 9, ambayo kwenye mawimbi mafupi ni maikrovolti 50 kwenye mlango wa antena. Siku hizi imekuwa kama “salama” ya njiani. Kwenye mashindano programu ya kuandikia mawasiliano huijaza yenyewe kabla mtu hajasikia lolote. Utapewa tano tisa, kisha uombwe urudie jina mara tatu.

Kila nikiyarudia mazungumzo yale, siku hizi sisimami tena kwenye ukimya. Nasimama kwenye “una nafasi?” Tano tisa ingemchukua Mzee sekunde mbili, akaendelea na Jumapili yake. Tatu saba ilimkalisha kwenye redio mpaka adhuhuri.

Kwanza alimwambia Kassim ashushe nguvu kutoka wati 100 hadi 20, arudie maneno yale yale, asiguse kitu kingine. Ripoti ikarudi: tano sita. Hebu tazama hapo. Nguvu imepungua mara 5, na sindano imeshuka kama pointi moja tu, kwa sababu pointi moja ni desibeli 6, yaani nguvu mara 4. Kueleweka kumepanda pointi mbili. Basi maiki ni nzima na redio ni nzima. Ubovu unaamka nguvu zikipanda. Na unaoamka hivyo mara nyingi ni mmoja kati ya miwili: umeme hautoshi, au mawimbi yanarudi chumbani kupitia kebo ya antena.

Umeme hupimwa kwanza kwa kuwa ndio rahisi. Mita huwekwa kwenye plagi nyuma ya redio. Ukipima kwenye pawa saplai, kile kifaa kinacholisha redio umeme, utaona volti 13.8 hata kama redio inakufa njaa mita tatu mbele. Na usipime ukizungumza kawaida, kwa sababu mita ya dijitali haiwahi kufuata sauti. Weka redio kwenye Morse, bonyeza kwa sekunde tatu, soma, achia. Kwa Kassim ilikuwa 13.7 redio ikipokea, na 11.6 ikirusha. Transiva nyingi (redio za kurusha na kupokea) za wati 100 zinataka volti 13.8, juu au chini kwa asilimia 15, kwa hiyo ukivuka 11.7 kwenda chini uko nje. Ikifika huko sauti huanza kukwaruza na kutetemeka kila unapopaza neno.

Waya wake ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, urefu mita 3. Shaba ya unene huo ina takriban omu 0.012 kwa kila mita. Mita 3 kwenda na 3 kurudi ni omu 0.07, zidisha kwa ampea 20, volti 1.4 zimekwenda. Nyingine zilipotelea kwenye kishikio cha fyuzi kilichoota ukijani ndani. Mzee alimwambia akiguse mara baada ya kurusha. Kilikuwa cha moto. Hiyo ni pwani: chumvi haiachi shaba iliyo wazi. Waya wa milimita za mraba 6 kwa urefu uleule unapoteza chini ya volti 0.4, unauzwa duka lolote la vifaa vya umeme, na fyuzi iwekwe karibu na chanzo cha umeme, siyo karibu na redio, kwa kuwa kinacholindwa ni waya.

Baada ya hapo ripoti ikawa nne saba. Bado neno “sita” lilikuwa linasikika kama “tisa”. Hapo Mzee akasema atamtumia kitu kwa basi.

Kifurushi kilifika Jumanne: kopo la maziwa ya unga lenye soketi ya antena juu ya kifuniko, na pete mbili nyeusi zilizofungwa kwenye gazeti. Kwenye kopo ameandika kwa kalamu ya wino mzito: SEKUNDE 30, PUMZIKA DAKIKA 3. Kopo ni antena bandia: linameza nguvu ya redio bila kuirusha hewani. Ndani kuna rezista 20 za kilo-omu 1, wati 3 kila moja, zimelehemiwa sambamba kati ya visahani viwili vya shaba. Elfu moja gawanya kwa 20 ni omu 50, ambazo redio inazitarajia kutoka kwa antena. Rezista zisiwe zile za waya uliozungushwa, maana hizo ni koili na kwenye megahezi 7, ndiyo hiyo bendi ya mita 40, hazitakuwa omu 50 tena. Jumla ni wati 60 za kudumu. Kopo likijazwa mafuta linavumilia 100 kwa muda mfupi. Mafuta yawe safi ya madini, ya dukani. Ya transfoma kuukuu usiyaguse, baadhi yana sumu inayokaa mwilini kwa miaka.

Matumizi yake ni haya: unachomoa antena, unachomeka kopo, unavaa hedifoni, unawasha monita ya redio na kujisikiliza kwa wati 100. Sauti ikiwa safi kwenye kopo na ikachafuka kwenye antena, jibu umelipata: mawimbi yanarudi. Ya Kassim ilikuwa safi kabisa.

Antena yake ni ile ya kawaida ya nusu wimbi, urefu wa mita 20.1 kwa bendi ya mita 40, kila mkono mita 10 na kidogo, juu ya ardhi kama mita 6. Kwa masafa ya Mombasa na Voi hapo ni pazuri, kwa kuwa inarusha juu na mawimbi yanarudi chini karibu. Lakini mikono miwili ya antena ni sawa kwa sawa, na kebo ya koaksi, yenye waya mmoja katikati na ganda la waya kuuzunguka, si hivyo. Sehemu ya mkondo hushuka juu ya ganda la kebo, ikaingia chumbani, ikapanda kwenye waya wa maiki. Pete ndiyo kizuizi. Ni ya feraiti, aina ya FT240-31, upana wake sentimita 6. Zungusha koaksi ya aina ya RG-58 mara 12, inakula karibu mita moja, na ifungwe pale pale kebo inapokutana na antena. Usiikaze. Plastiki ya ndani hulainika kwa joto na waya wa katikati huhama taratibu mpaka uguse ganda. Maungio yafungwe utepe wa mpira unaojigandisha, kisha utepe wa umeme juu yake.

Msikubali kila pete mnayopewa. Zile za unga wa chuma zilizopakwa rangi nyekundu zinafaa kwa koili za kuchagua masafa. Kwa kazi hii hazizuii chochote cha maana. Vile vifundo vya kebo za kompyuta vingi vimetengenezwa kwa masafa ya juu zaidi, kwenye megahezi 7 husaidia kidogo sana. Watu wema hugawa vitu hivi kwa moyo mweupe, na anayepokea anahangaika mwezi mzima. Vivyo hivyo maiki: plagi za duara za pini 8 zinafanana kwa macho, ila kila kampuni ina mpangilio wake, na kuna yenye volti kwenye pini ambayo kwa nyingine haina. Ukigawa kifaa, andika kibandiko: kinafanya nini, kina ubovu gani, fyuzi yake ampea ngapi. Mzee wetu huandika. Nadhani hilo limenifurahisha kuliko pete zenyewe.

Kuna ukarimu mwingine wa aina hii ambao vijana wengi hawaujui. Kwenye megahezi 14.100 vituo 18 duniani vimepangiwa kupokezana, kila kimoja sekunde 10, na mzunguko unarudi kila dakika 3. Kinataja jina lake kwa Morse kwa wati 100, kisha mistari minne: wati 100, 10, 1, na 0.1. Kuna 5Z4B cha Kariobangi, Nairobi, na kabla yake ZS6DN cha Afrika Kusini. Wanaoviendesha ni watu wa redio ya ridhaa wanaojitolea. Ukisikia mistari miwili ukapoteza wa tatu, umepata ripoti ya antena yako isiyo na adabu ndani yake. Kutoka Mombasa, Kariobangi inaweza kukuruka kwa kuwa iko karibu mno kwa masafa hayo. Afrika Kusini ndiyo ya kuijaribia.

Jana Kassim ameita tena.

“Tano saba,” Mzee akajibu.

“Tano saba, Mzee?”

“Tano saba. Na pete ya pili usiiweke kabatini, kuna kijana Malindi ana ugonjwa kama wako. Mpigie wewe.”

Kassim amempigia kabla ya chakula cha mchana, na nimemsikia akimuuliza, kwa sauti ileile ya Mzee, kama ana mita.