Ubeti wa Nne

Wapendwa wa jumuiya, Tumsifu Yesu Kristo.

Alhamisi iliyopita mazoezi ya kwaya yalikwama. Wimbo ni mpya, umetungwa na mama mmoja wa sauti ya pili aliyevuka Ziwa Albert kwa mtumbwi mwanzoni mwa 2018, ile miezi ambayo watu wa Ituri, mashariki mwa Kongo, walikuwa wakikimbia na kushukia Sebagoro, ufuoni upande wa Uganda, kwa maelfu. Beti tatu za kwanza zinatiririka vizuri: moshi wa asubuhi, sombe ya majani ya mihogo ikitwangwa, mbuzi wakirudi wenyewe jioni. Ubeti wa nne unawataja waliochoma nyumba, na anachowaombea si baraka. Wengine wakasema uimbwe, wengine wakafunga madaftari. Mwalimu wa kwaya akanigeukia mimi. Nikaomba wiki moja, kwa kuwa jibu sikuwa nalo.

Nimeishi wiki hii na Zaburi ya 137. Mnaijua, huwa tunaiimba Jumapili ya nne ya Kwaresima, mwaka B wa masomo ya Misa. Yerusalemu imeanguka, mwaka 586 kabla ya Kristo, watu wamehamishiwa Babeli, wameketi kando ya mito wakilia, vinubi vyao vimetundikwa mitini. Waliowateka wanataka burudani: tuimbieni wimbo wa kwenu. Nao wanauliza, “Tuuimbeje wimbo wa Bwana katika nchi ya ugeni?” Swali hilo lenyewe limeimbwa. Kinubi kilishushwa mtini, sijui saa ngapi.

Katika Misa tunaishia mstari wa 6. Fungueni Biblia nyumbani msome mpaka wa 9. Mwimbaji yule yule aliyelia kwa upole anamtakia heri atakayewakamata watoto wachanga wa Babeli na kuwapiga juu ya mwamba. Miaka mingi nilikuwa naufunika mstari huo kwa kidole. Safari hii nimeona kwamba haukutoka kwa mtu mwingine. Machozi ni yale yale. Kadiri nyumbani kunavyopambwa katika ubeti wa kwanza, ndivyo aliyeharibu kwenu anavyoacha kuwa mtu katika ubeti wa mwisho.

Na kupamba tunapamba! Waisraeli jangwani walikumbuka samaki, matango, matikiti na vitunguu vya Misri, na wanasema walikula bure (Hes 11:5). Bure, watu waliokuwa watumwa! Sisi nasi tukianza habari za samaki wa ng'ambo, hakuna aliyewahi kumnunua kwa deni, hakuna jirani aliyewahi kugombania mpaka wa shamba. Watoto wetu waliozaliwa hapa Kyangwali, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, wanachora ziwa na milima ya upande wa pili, na nyumba kubwa kuliko yoyote niliyoiona kijijini kwetu. Siwakatazi. Mwenye kutamani kwao huchora kwa rangi zote alizo nazo. Ninachoogopa ni mtoto kurithi picha ile pamoja na maadui wake, naye hajawahi kumwona hata mmoja wao.

Juzi nilisafiri hadi Masindi kwa shughuli nyingine, nikapanda boda boda mpaka Nyabyeya, pembeni mwa msitu wa Budongo. Kuna kanisa pale lililojengwa na wakimbizi kutoka Poland wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Wasovieti walikuwa wamewapeleka Siberia na Kazakhstan. Walipoachiliwa wakapitia Iran, na kuanzia 1942 wakafikishwa Uganda, wengi wao wanawake na watoto. Fikirini mtu ametoka kwenye theluji, anaangukia joto la Bunyoro. Wakafyatua matofali, wakajenga, wakamkabidhi Bikira Maria, Malkia wa Poland, wakaweka na tai wa taifa lao na maneno ya lugha yao.

Vita vilipokwisha, wengi hawakurudi kwao. Sehemu walikotoka ilikuwa imeingizwa katika Umoja wa Kisovieti. Wakatawanyika Uingereza, Kanada, Australia. Makaburi ya wenzao yamebaki pale pale. Kanisa nalo limebaki, na leo wanaosali ndani yake ni wenyeji. Nilikaa kwenye benchi la nyuma, maandishi yale siwezi kuyasoma, huku mama mmoja akifagia na kuimba Kinyoro. Nilimkumbuka Yeremia, aliyewaandikia wale wale wa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani, na wauombee amani mji walikopelekwa (Yer 29:5-7). Nadhani barua ile iliwaudhi wengi. Mimi ingeniudhi.

Jana nimempelekea mama mtunzi majibu yangu, kama ni majibu. Nilimwambia mtunga zaburi hakuokota jiwe. Maneno yale mabaya aliyasema akiwa anaongea na Mungu, na Mungu hakuyafuta kitabuni. Kwa hiyo ubeti wake ni sala, na asiuonee aibu. Ila kwaya yetu ina watoto kumi na mmoja wanaokariri kila tunachoimba. Akanyamaza muda mrefu, akimenya mihogo. Kisha akasema tuimbe beti tatu, ila daftari lisichanwe. Baadaye kidogo akauliza kama wale Wapolandi nao walikuwa na wimbo.

Daftari ninalo mimi.