Usiku Olorgesailie, na zile ambazo hazikuwa nyota

Tao usiku nyota ni za kuhesabu, taa zimemeza kila kitu, kwa hivyo Ijumaa mimi na mpwa wangu tukabeba hema na darubini tukashika Magadi Road. Jam ya Rongai ilitushika mpaka giza likaingia, Kiserian tukanunua mahindi choma, halafu ukishapita Corner Baridi barabara inateremka Bonde la Ufa na mwanga wote wa Nairobi unabaki nyuma ya milima.

Olorgesailie mchanga ulikuwa bado na joto la mchana. Tukazima taa, tukangoja macho yazoee, na jameni hiyo anga! Nikamwonyesha Orioni, karibu na zile nyota tatu za mstari kuna doa kama ukungu, hapo ni kama miaka 1,300 ya nuru kutoka kwetu na nyota zinazaliwa hapo, gesi baridi na vumbi linajivuta lenyewe, linasinyaa, katikati panabanwa panapata moto mpaka ikifika mamilioni ya digrii haidrojeni inaanza kuungana kuwa heliamu.

"Na gesi ikiwa kidogo, anko?"

Aki swali zuri. Donge lisipofika kama uzito wa sayari ya Mshtarii (Jupiter) mara 75 hivi, linasinyaa tu mpaka elektroni zinabanana zikakataa kubanwa zaidi, na hapo joto halijatosha. Huyo ni kibete kahawia, anang'aa kwa joto la kuzaliwa kwake na anapoa polepole miaka mabilioni. Mwanaastronomia Shiv Kumar alipiga hesabu hizo miaka ya 1960 lakini kuthibitishwa ilingoja mpaka 1995, na mmojawapo, Teide 1, yuko kwenye lile kundi la nyota la Kilimia (Pleiades)!

Mtoto akageuza darubini mbio. Kwa darubini ya mkono haonekani, ni hafifu mno, unaona tu zile nyota za buluu zimejazana. Kilichomkamata ni vile walijua si nyota ndogo tu: nyota ndogo huchoma lithiamu yake yote mapema, Teide 1 bado anayo.

"Kwa hivyo ni nyota iliyofeli?"

Wengi wanasema hivyo na mimi sikubali kabisa, alitoka wingu moja na wale wa buluu, akaanza vile vile, gesi ndio haikutosha.

Ukitaka kwenda, chagua usiku bila mwezi kati ya Desemba na Februari, Kilimia na Orioni ziko juu mapema, na beba maji mengi.