Denver na kimya cha mama yake

Jana usiku nimemaliza kwa mara ya pili Beloved ya Toni Morrison, riwaya iliyotoka mwaka 1987, na mtu niliyeamka naye kichwani si Sethe. Ni Denver, bintiye.

Wengi wanaoisoma hubaki na Sethe, na wana haki. Mwanamke katoroka utumwani Kentucky, kavuka mto Ohio na mgongo uliochanwa kwa kiboko, na bwana wake alipokuja kumkamata akaingia bandani na wanawe, akamkata koo mmoja wao kwa msumeno ili asirudishwe kule. Kisa hicho hakikutungwa chote. Januari 1856 Margaret Garner alitoroka Kentucky na jamaa zake, wakavuka mto ukiwa umeganda barafu, na walipozingirwa huko Cincinnati akamuua binti yake mdogo. Sheria ikamrudisha utumwani. Riwaya inaanzia pale karatasi za mahakama zinapokoma: mtu aliyefanya vile ataendaje sokoni, atapikaje, atamlea vipi mtoto aliyebaki?

Sethe anakanda unga. Miaka kumi na minane imepita, na kila alfajiri kazi ya kwanza ya mikono yake ni kuirudisha jana ilikotoka. Yaliyopita si ndwele, tunaambiana msibani, na yeye ndivyo anavyojaribu kuishi. Ila kichwa hakimtii. Paul D, mwanamume waliyekuwa naye shambani, anapomwambia kwamba mumewe Halle alikuwa darini akiona kila alichotendewa mkewe kule shambani kabla hajatoroka, na kwamba mara ya mwisho alionekana amejipaka siagi usoni, hasemi neno, Sethe anaukasirikia ubongo wake mwenyewe. Mbona una ulafi hivi? Mbona haukatai hata mara moja, ukasema asante, nimeshiba?

Huyo Halle ndiye pekee ambaye hakupata pa kukimbilia. Wenzake kila mmoja alijitafutia. Paul D, aliyewahi kutiwa lijamu ya chuma mdomoni kama farasi, kisha akafungwa Georgia katika sanduku lililochimbiwa ardhini, amevitia vyote hivyo kwenye kopo la tumbaku mahali palipokuwa na moyo, kifuniko kikaota kutu. Hakai mji mmoja muda mrefu. Baby Suggs, mama mkwe wa Sethe, aliyekuwa akiwahubiria watu msituni waipende miili yao, alipoyaona ya bandani aliacha kuhubiri akapanda kitandani, na hadi kufa kwake alichotaka ni kuangalia rangi. Aletewe kitu cha rangi ya urujuani, na kama hakuna, basi cha waridi. Kuna watakaosema amekata tamaa. Mimi naona mama aliyekwisha kutazama mengine yote akachagua kitu kisichoweza kumuumiza mtu.

Sasa njoo kwa Denver. Alizaliwa safarini, kando ya mto, hakuwahi kumjua bwana yeyote. Ukimtazama kwa haraka utasema huyu ameponea chupuchupu. Akiwa na miaka saba hivi anajipeleka kwa Lady Jones kujifunza kusoma, na anafurahi kwelikweli, mpaka mtoto mwenzake, Nelson Lord, anapomuuliza kama si kweli kwamba mama yake alifungwa kwa kuua. Hakuuliza kwa ubaya. Denver anakaa na swali hilo, na siku anapolifikisha kwa mama yake, masikio yanaziba. Jibu linatoka kinywani mwa Sethe na halimfikii. Anakuwa kiziwi kwa miaka miwili.

Nililisoma tukio hilo, nikarudi nyuma nikalisoma tena. Hakuna aliyempiga. Kilichomfunga masikio ni ukuta ambao mama yake aliujenga ili yeye mwenyewe aendelee kusimama. Sethe amekaza kutokumbuka, na kutokumbuka kwake kunamnyima binti chakula cha kichwa: hadithi pekee anayoruhusiwa kuila ni ya siku aliyozaliwa, basi anaidai tena na tena, na nyingine zote za shambani anazichukia kwa kuwa yeye hamo. Usiku anamwogopa mama. Anampenda na anamwogopa, kwa sababu hajui kile kilichomwingia siku ile kilitoka wapi, na hajui kama kinaweza kurudi.

Ndiyo maana siziamini tena zile tamthilia za jioni ambamo mhusika amefiwa na watu wote, analia bega la fulani, muziki unapanda, na wiki ijayo yumo harusini. Kiwewe katika nyumba hii hakikai kwa mtu mmoja. Dawa ya huyu inamchoma yule. Kopo la Paul D linamfanya asimweleze Sethe mara moja habari za Halle, na siku anapofungua kidogo tu, anayemwagikiwa ni Sethe.

Anayeivunja duru hiyo ni Denver, na anaivunja kwa sababu ya njaa. Mama kapoteza kazi, chakula kimekwisha, na msichana ambaye kwa miaka hajatoka uani peke yake anasimama barazani akitetemeka. Anateremka. Anakwenda kwa Lady Jones yuleyule kuomba kazi. Baada ya hapo majirani, waliokuwa wameisusa nyumba, wanaacha chakula ukingoni mwa ua, wengine na jina kwenye kikaratasi, naye anarudisha vyombo na kushukuru mlango kwa mlango. Hakuna anayemketisha kumuuliza anajisikiaje. Amepata tu sababu ya kujua majina ya watu.

Sethe mwishoni yuko kitandani chini ya mfarishi wa Baby Suggs, na Morrison hatuambii kama aliinuka. Lakini kabla ya hapo Paul D anakutana na Denver njiani asubuhi; msichana ana kazi ya usiku na anatafuta ya pili. Mzee wa watu anataka kumpa maoni yake kuhusu yaliyopita nyumbani. Denver anamkatiza: hayahitaji, anayo ya kwake.