Kumbukumbu ya mradi wangu: jengo la halmashauri kwa skeli ya 1:50

Juma la kwanza

Jengo la zamani la halmashauri ya mji wetu lilibomolewa kabla sijazaliwa, na mahali pake pakawa uwanja wa kuegeshea magari. Vilivyosalia ni vipandio vitatu vya mawe, ambavyo sasa havimfikishi mtu popote, na kipande cha ukuta wa nyuma kinachonifika kifuani. Nimeamua kulitengenezea mfano wa mbao kwa skeli ya 1:50, ambapo sentimita 2 za mfano ni mita 1 ya jengo lenyewe, ili uwekwe chini ya kioo pamoja na bamba la kumbukumbu. Nina picha nne za zamani, zote zilizopigwa kutoka upande wa mbele, na sina hata mchoro mmoja wa wajenzi.

Juma la tatu

Kupima jengo kwa kutumia picha ni kazi iliyokwisha kufanywa na wengi. Mwaka 1858 Mjerumani Albrecht Meydenbauer, alipokuwa akichukua vipimo vya kanisa kuu la Wetzlar, alinusurika kuanguka kutoka juu, na tukio hilo likamtia wazo kwamba vipimo vya jengo vingeweza kuchukuliwa kwenye picha badala ya kuning'inia ukutani. Mimi sina hofu ya kuanguka. Ninachokihatarisha ni macho tu.

Mizani yangu ni tofali. Katika kile kipande cha ukuta nilipima kozi kumi, yaani safu kumi za matofali, kwa pamoja, mota ikiwemo, nikapata sentimita 75, yaani sentimita 7.5 kwa kila kozi. Kupima kumi kisha kugawanya hupunguza kosa, kwa kuwa hakuna fundi anayepanga mota ya unene uleule kila mara. Kisha nikachukua kioo cha kukuzia na kuhesabu kozi katika picha iliyo safi kuliko zote, kuanzia juu ya vipandio hadi kwenye ukingo wa paa. Nilihesabu mara tano, na mara tatu kati ya hizo nikapata 92, ambazo ni mita 6.9. Mnara wa saa unaongeza kozi 64, sawa na mita 4.8. Mfano mzima, basi, utasimama sentimita 23.4 juu ya vipandio.

Upana ulinisumbua zaidi, kwa sababu mpiga picha alisimama pembeni, na madirisha ya mbali yanaonekana membamba kuliko ya karibu ingawa yote yalikuwa sawa. Rula haisaidii hapo. Kinachosaidia ni kanuni ya zamani ya wachoraji: ukiuzungushia ukuta mstatili na kuunganisha pembe zake kwa mistari miwili ya mshazari, mistari hiyo hukatana katikati halisi ya ukuta, hata kama jicho linakuambia kwamba katikati ni kwingine. Kila nusu hugawanywa tena kwa njia hiyohiyo. Kipandio cha chini, ambacho bado kipo na kina upana wa mita 2.4, kilinipa kipimo cha mlango, na kutoka mlangoni nikafika kwenye madirisha yote.

Juma la sita

Nimepoteza majuma mawili ya kazi. Kibanda cha mhasibu, ambacho kilijengwa baadaye na kushikana na ukuta wa pembeni, kinaonekana katika picha moja tu, upande wa kushoto, na huko ndiko nilikokibandika. Jana usiku, nikiitazama picha hiyo kwa sababu nyingine kabisa, niligundua kwamba kila mwanamume aliyesimama mlangoni ana mfuko wa kifuani wa koti upande wake wa kulia. Makoti hushonwa mfuko huo kushoto. Picha ilisafishwa ikiwa imegeuzwa, kama mtu anayejitazama kwenye kioo, na kwa kuwa uso wa jengo ulilingana pande zote, hakuna kitu kingine kilichoweza kunishtua. Tarakimu za saa ni ndogo mno kusomeka. Kibanda kimebanduliwa kwa kisu, na gundi ikaondoka na kipande cha ukuta. Tangu sasa natazama nguo za watu kabla ya kutazama majengo.

Juma la tisa

Upande wa nyuma hakuna aliyeupiga picha. Rafiki anayenisaidia kukata plaiwudi alinishauri niweke madirisha matatu, kwa kuwa mbele yako matatu, akanikumbusha kwamba mji mkongwe wa Warsaw, mji mkuu wa Poland, ulijengwa upya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kutazama michoro ya Bellotto, mchoraji Mwitaliano wa karne ya 18. Ni kweli, lakini wajenzi wa Warsaw walikuwa pia na michoro yenye vipimo iliyochorwa na wanafunzi wa usanifu kabla ya mji kuharibiwa. Mimi nina ukuta unaonifika kifuani. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unasema ukarabati uishie pale makisio yanapoanza, na ingawa uliandikwa kwa ajili ya majengo halisi, nimeona unaufaa mfano wangu pia. Upande wa mbele umepakwa rangi hadi kwenye bawaba za mlango. Upande wa nyuma umepigwa msasa na kuachwa mbao tupu. Ninajua kwamba wengine watauona kama kazi isiyomalizika.

Juma la kumi na moja

Imebaki bamba. Rasimu niliyopewa ilianza na maneno "jengo lililopotea", nami nimeomba yabadilishwe, maana funguo ndizo hupotea, na jengo hili liliondolewa kwa uamuzi wa watu waliokaa kikao ndani yake. Tumekubaliana juu ya "lilibomolewa". Sentensi ya pili inaeleza kwamba pande zilizopakwa rangi zimetokana na picha, na kwamba penye mbao tupu hapana ushahidi. Sentensi ya tatu niliifuta. Ilikuwa ya sifa. Kesho nitatoboa matundu manne ya skrubu kwenye kitako, na mishale ya saa nitaiweka kama ilivyo katika picha iliyo safi, saa nne na dakika kumi.