"Ndiyo bibi, endelea"

Jumapili usiku, na bado nalisikia lile neno. Ndiyo. Nililisema Jumatatu kule Maji ya Chai, Arusha, mguu mmoja ukiwa tayari ndani ya gari.

Tulikuwa tumemaliza kuchota sampuli. Bibi wa bomba la mwisho akanishika mkono, mjukuu wake kang'ang'ania kanga. "Mwanangu, huyu maji yake namchemshia kila siku. Si ndiyo inavyotakiwa?" Dereva akapiga honi. Nikajibu, "Ndiyo bibi, endelea." Akasema, "Ubarikiwe."

Ubarikiwe! Kwa lipi?

Kuchemsha kunaua vijidudu, na kwa hilo amemkinga mtoto na kuhara. Lakini shida ya maji ya kule ni floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, na floraidi si kijidudu. Inatoka kwenye miamba ya volkano ya Meru, inayeyuka majini, na moto hauiondoi. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe inabaki. Haya nayajua kama jina langu, ndiyo yaliyonipeleka maabara.

Jumanne nimetetea pendekezo langu la utafiti na limepita, Alhamisi mdogo wangu kavishwa pete, na siku zote hizo, nikiosha chupa, nikipanda daladala, nilikuwa namjibu bibi upya. Bibi, kwa vijidudu ndiyo, lakini. Bibi, ngoja kidogo nikueleze. Ingechukua dakika mbili. Dereva angesubiri.

Mnaonifahamu mnajua kwamba nikicheka naziba mdomo. Mama alituchemshia maji sisi wote wanne, akayachuja kwa kitambaa cheupe, hakuruka hata siku moja, na meno yetu yakaota ya kahawia vilevile. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia. Na mimi, niliyesomea jambo hilo hilo, nimemwitikia bibi wa watu ndiyo.

Ijumaa jioni nilichukua maji yaliyobaki kwenye chupa yake, nikayachemsha mpaka yakabaki nusu, yakapoa, nikatumbukiza elektrodi, kipimo cha floraidi. Kabla ya moto yalikuwa na miligramu 4.6 kwa lita. Baada ya moto, 9.1. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi 1.5. Jikoni hakuna anayechemsha mpaka nusu, kwa hiyo kwa bibi haipandi kiasi hicho, ila haishuki.

Mzee wetu wa tanuru, anayechoma mifupa iwe mkaa wa kunasa floraidi majini, alikuwa mlangoni na vumbi lake la mifupa. Akauliza, "Mtoto ana miaka mingapi?" Nikasema kama mitatu. "Basi hujachelewa. Meno ya ukubwani ndiyo kwanza yanajengwa ndani ya ufizi." Akanipimia ndoo ya mkaa wa mifupa, wa kijivu. Ukiungua ukawa mweupe haunasi kitu, ukibaki mweusi sana maji yananuka, na yeye huijua rangi hiyo kwa jicho kabla kipimo chochote hakijasema.

Jana asubuhi nikaenda.

"Mifupa ya nini?" lilikuwa swali lake la kwanza. Ya ng'ombe, bibi. Nikamweleza yote, pamoja na kwamba Jumatatu nilimjibu vibaya, na kwamba mkaa huu huchoka, nitarudi kupima. Alinyamaza muda mrefu, anamtazama mtoto. Kisha akauliza, "Na ya mvua?"

Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa! Jopo zima Jumanne halikuniuliza hilo. Akamwita mwanawe palepale aje afunge mfereji kwenye bati, na kufika saa sita pipa lilikuwa limeshaoshwa, limesimama pembeni ya nyumba. Nilipoaga, mtoto alinipungia mkono, kacheka, vijino vyake vyote vya utoto nje. Njia nzima nilitabasamu nikasahau kuziba mdomo.

Nilitaka nilale na furaha hiyo. Ila kaka hapatikani hewani tangu Alhamisi. Mara ya mwisho alisema yuko kwenye foleni ya malori Tunduma na kifua kinambana. Baba ameshaniuliza mara tatu leo, nami nimemwambia labda ni chaji.