Lenzi moja ya safari
Wapiga picha wenzangu, mkiniuliza lenzi ya kuzurura nayo, jibu langu ni 24-105, yaani zumu ya milimita 24 (pana) hadi 105 (ya kuvuta karibu). Juu ya kreta ya Menengai, Nakuru, upepo hauna huruma: ukifungua kamera kubadilisha lenzi, vumbi linatua kwenye sensa, kile kibamba kinachonasa picha, halafu kila anga lina madoadoa. Kwa milimita 24 napata ukingo wa kreta, lava nyeusi chini na mawingu. Nikivuta hadi 105, mvuke wa jotoardhi unasogea karibu. Wengine wanaidharau f/4, tundu lake pana zaidi la kuingiza mwanga, lakini mandhari mimi hupiga f/8, tundu dogo zaidi, sasa hasara iko wapi? Ila Ziwa Nakuru, heroe wakiwa mbali, wanabaki nukta za waridi. Hapo azima lenzi ya milimita 400 ya rafiki. Ukinunua 24-105 iliyotumika, zungusha pete ya zumu kwanza, usikilize kama inakwaruza.