Puti kwenye mabomba ya Mzee

Mwaka 2014 nilikuwa naishi Coventry, Uingereza, mwaka wangu wa tatu tangu niondoke Dar. Usiku nafanya kazi ya ghala, mchana nalala, na siku za mapumziko sina pa kwenda. Ufundi wangu wa rangi, ambao niliusotea Gerezani, ule mtaa wa mafundi gari Dar, nikishika msasa miaka miwili kabla ya kuruhusiwa kugusa bunduki ya kupulizia rangi, huku haukuwa na kazi. Nilijaribu gereji mbili, zote zikataka vyeti. Nani Gerezani ana cheti?

Nyumba ya pili kutoka kwangu alikaa mstaafu mmoja aliyefanya kazi kiwandani enzi zile Coventry ilipokuwa mji wa magari kwelikweli. Nilimwita Mzee. Akadhani ndilo neno letu la kusema fundi, nami sikumsahihisha. Banda lake lilikuwa limejaa gari moja tu ambalo halikuwa gari bado: chesi ya mabomba ya mraba, injini ya Ford juu ya matofali, na masanduku ya vifaa. Alikuwa anajiundia gari la wazi la viti viwili, pua ndefu, mtindo wa Lotus Seven ya mwaka 1957. Waingereza wana mapenzi ya ajabu na magari ya kujiundia. Mzee alinieleza kuwa zamani gari likiuzwa kwa vipande lilikwepa kodi ya mauzo, ila sharti lisije na maelekezo ya kuliunganisha. Basi wauzaji wakawa wanatia maelekezo ya kulifungua, wewe unayasoma kinyumenyume. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikajua hawa ni watu wetu.

Nilianza kwenda pale kushika tochi, kisha kushika spana, kisha nikapewa ufunguo wa banda.

Kufikia Oktoba alikuwa amemaliza keji, yale mabomba yanayomkinga dereva ili gari likibingirika asipondwe kichwa. Bomba kuu linapanda nyuma ya viti kama upinde, mawili yanaliegemeza kwa nyuma, moja limekatiza mshazari ndani ya upinde, na kipande cha mbele kinafungwa kwa bolti. Alinunua chuma cha maana, mabomba yasiyo na mshono, kipenyo milimita 45, unene milimita 2.5, na kuyakunja akawapa wenye mashine. Kuunga akaunga mwenyewe. Weldingi yake ilikuwa imara sehemu nyingi na mbaya kila sehemu. Manundu matupu, kama mtu aliyebandika ubuyu uliotafunwa.

Alitaka yapigwe rangi ya unga, nyeusi ya kung'aa. Nami kila nikiyatazama yale manundu nilisikia aibu isiyokuwa yangu. Gerezani gari likitoka halijanyooka, anayetukanwa ni mpaka rangi, aliyenyoosha bodi hata jina lake halitajwi.

Jumapili moja usiku nikafungua banda peke yangu. Nilikuwa nimenunua kopo la puti, ileile ya kuziba mabonde kwenye bodi za magari. Nikachota kama yai kwenye kipande cha bati, nikaminya hadena, dawa ya kuikausha, kama punje ya maharage, nikakoroga mpaka kijivu kikageuka waridi. Ile harufu! Miaka mitatu sikuisikia. Nilisimama pale na kisu cha puti mkononi nikiwa Gerezani kabisa, redio ya jirani inasoma matokeo ya mpira, mama ntilie anadai hela yake ya jana. Nikapaka kila kiungo. Kwenye kiungo kimoja, chini, pale bomba la mshazari linapokutana na upinde, kisu kilizama kidogo. Palikuwa na mwanya mwembamba, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Nikakandamiza puti, ikajaa, nikaendelea.

Hilo nalirudia: niliuona. Nikauona kama shimo la kuziba, basi.

Puti ilipokauka nikazungushia msasa namba 80, kisha 180, kisha 320, kila kiungo kikawa laini kama shingo ya mtungi. Juu yake nikapuliza praima ya zinki kwenye mabomba yote. Asubuhi Mzee akapitisha kiganja, akaniuliza nimefanyaje. Nikamwambia, "Msasa." Akanipigapiga bega.

Kwenye karakana ya rangi ya unga kijana wa mapokezi akauliza kama tunataka yapigwe mchanga kwanza. Nikadakia kwamba hapana, yameshasafishwa, tukaokoa pauni 40. Akauliza juu kuna nini. Zinki. Zinki tu? Zinki tu.

Ijumaa tulipokwenda kuyachukua, mabomba yaling'aa kama kiatu cha askari, isipokuwa kwenye viungo. Kila kiungo kilikuwa na malengelenge, mengine yamepasuka, mengine yameumuka kama chapati inayopanda hewa. Kijana akachokonoa moja kwa ncha ya bisibisi. Ukatoka unga wa waridi. Akamtazama Mzee, Mzee akanitazama mimi.

Kijana hakukasirika, na hilo liliniumiza zaidi. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtoto wa watu. Rangi yao haina thina wala haipuliziwi ikiwa maji. Ni unga mkavu unaotoka kwenye bunduki ukiwa na chaji ya umeme, na chuma kimeungwa na waya wa ardhi, ndiyo maana unga unakirukia na kukiganda mpaka upande wa nyuma wa bomba. Kisha chuma kinaingia tanurini, kwenye nyuzi 200 hivi, unga unayeyuka na kushikana kuwa ngozi moja. Sasa puti haipitishi umeme, kwa hiyo unga hauishiki vizuri, na moto ule haiuwezi: inaumuka na kutoa hewa chini ya rangi. "Na hata ingeshika," akasema, "hii ni keji. Kwa nini ufiche weldingi ya keji?"

Njia nzima hatukuongea. Mzee alikuwa mtu wa kupiga mluzi akiendesha. Siku ile nilisikia vifutio vya kioo tu.

Mchanga wa kuondoa ile rangi niliulipia mimi. Mabomba yakarudi uchi, rangi ya majivu, weldingi yote nje. Mzee akavaa miwani, akachukua tochi, akaanza kukagua kiungo baada ya kiungo, bila haraka, kama mtu anayetafuta chawa kichwani kwa mjukuu. Alipofika pale kwenye mshazari akasimama. Akaingiza ncha ya waya mwembamba kwenye ule mwanya. Ikaingia. Ule upande hakuweza kuufikia vizuri na mashine, weldingi ikalala juu ya bomba moja bila kushika la pili.

Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia kwamba usiku ule niliuona nikauziba.

Akakaa kwenye tairi. Baada ya muda akasema, "Aliyeuacha ni mimi." Akaenda kupika chai. Hakutaka kulizungumza tena, na wiki iliyofuata akamleta rafiki yake waliyefanya naye kazi zamani, mtu wa weldingi hasa. Wakavikwangua viungo vyote kwa grenda na kuviunga upya, na kwa upande ule mgumu wakaigeuza keji nzima miguu juu ili mashine ifike.

Mimi usiku huo nilimpigia fundi wangu Dar.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Baridi haijakumaliza?"

Nikamsimulia. Akanisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akasema, "Mwanangu, ukipiga puti kwenye mlango unamdanganya mnunuzi. Hayo mabomba ulitaka kumdanganya nani, na mwenyewe ndiye atakaa humo ndani?" Akaongeza kwamba nimemwaibisha, halafu akaniuliza hiyo bunduki ya unga inauzwa bei gani.

Mara ya pili niliomba kuruhusiwa kutazama. Mabomba yalining'inizwa kwa kulabu. Kwenye matundu yenye hesi waliziba kwa vizibo vya silikoni, maana unga ukishaiva humo bolti ya milimita 8 haiingii tena bila kupitisha tepu, kile chuma cha kukatia hesi. Kila bomba lililozibwa ncha zote walihakikisha lina katundu, ili hewa ikichemka ipate pa kutokea. Niliona pia kitu ambacho kwa rangi ya maji sikukijua: kwenye kona za ndani, mabomba yanapokutana, unga unakataa kuingia, unavutwa na kingo za karibu. Kijana alipunguza umeme, akasogea, akapuliza kwa subira kwenye kila kwapa la chuma. Nilitamani kumwomba anipe ile bunduki, hata dakika moja. Sikuthubutu.

Rangi nayo ilibadilika. Rafiki wa Mzee alisema keji ipakwe rangi nyeupenyeupe, kwa sababu ufa au kutu kwenye nyeusi huvioni. Mzee alinung'unika siku mbili kuhusu nyeusi yake, akakubali kijivu.

Nilipiga picha ya kile kiungo kwa karibu. Chini ya kijivu weldingi mpya ilionekana mstari kwa mstari, imepangana kama magamba ya samaki, na pembeni kidogo tu lilibaki nundu moja la Mzee ambalo walishindwa kulikwangua. Nikaituma Dar.

Fundi akapiga badala ya kuandika. "Hilo nundu la pembeni baya kama nini," akasema. "Lakini linaonekana." Kisha akaanza kuniuliza tena bei ya bunduki, na salio likakata.